Mnyoo wa Ziwani na Moyo wa Baba Mkubwa



Tumeombwa tuandike kidogo juu ya ugonjwa uliomchukua baba yetu mkubwa mwaka 2017. Wengi waliofika matangani waliuliza swali moja, na mpaka leo bado tunaulizwa njiani: mtu wa maji, mtu aliyevuta nyavu tangu utoto, amekufaje kwa moyo? Moyo si ugonjwa wa matajiri wenye vitambi?

Tunasema "sisi" kwa sababu tuko ndugu sita, na kila mmoja ana kipande chake cha habari. Mmoja alimsindikiza hospitali ya rufaa. Wawili walipokezana kulala kwake usiku. Mmoja anajitolea katika kazi ya afya hapa kambini, na ndiye aliyemuuliza daktari maswali mpaka daktari akaomba maji ya kunywa. Tumekaa pamoja jioni tatu tukaunganisha vipande hivyo.

Kwetu ni bonde la Ruzizi, upande wa Kongo, kule mto unakoteremka kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Ng'ambo ni Burundi, na ndugu zetu Warundi waliolima mpunga upande wa pili wa mto wanaijua nchi hiyo kama sisi. Ni nchi ya mifereji. Mtoto wa kule alioga mferejini, akachota hapo hapo maji ya kupikia, mama yake akafua hapo hapo, na tusifichane, watu walijisaidia hapo hapo kando. Jioni wanaume walishuka ziwani kutafuta ndagala. Baba Mkubwa alifanya yote mawili, mpunga asubuhi na nyavu usiku, mpaka vita vya 1996 vilipotuvusha ziwa na kutuleta Kigoma.

Katika maji yale kulikuwa na kichocho. Wengine kwetu wanaita bilhazia, kwa jina la Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyeona minyoo ya ugonjwa huu mwaka 1851 alipokuwa akifanya kazi Cairo. Sasa, watu wengi wakisikia kichocho wanafikiria kukojoa damu tu. Hiyo ni aina moja, inayokaa kwenye kibofu. Iko nyingine, ya matumbo, na hiyo ndiyo ya kwetu. Haikojoleshi damu. Inaweza kuleta tumbo la kuuma, kuharisha, pengine damu kidogo kwenye choo, halafu inanyamaza. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kujua kitu. Hata nyani wa Gombe, hapa hapa kando ya ziwa kaskazini ya mji wa Kigoma, watafiti waliwakuta nayo, maana nao hushuka majini kama sisi.

Inavyoambukiza ni hivi. Mtu mwenye minyoo anajisaidia karibu na maji. Mayai yakiingia majini yanaanguliwa, na kidudu kinachotoka kinamtafuta konokono mdogo wa maji baridi, kinaingia ndani yake na kuzaana humo. Baada ya wiki kama nne hadi sita konokono anaanza kumwaga viluwiluwi vidogo sana, jicho halivioni. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kwenye saa tano, saa sita, saa saba, yaani saa zile zile watoto wanazopenda kuogelea. Wala havihitaji kidonda. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache. Unatoka majini, unajifuta, unaenda zako, kumbe umebeba mgeni.

Mgeni huyo anasafiri na damu, anapita mapafuni, anafika kwenye ini na kukua. Dume na jike wakikutana, dume anamkumbatia jike ndani ya mkunjo wa mwili wake, nao wanahamia kwenye mishipa ya damu ya matumbo na kukaa hivyo hivyo maisha yao yote. (Dada yetu mkubwa alisema ni ndoa imara kuliko nyingi anazozijua.) Urefu wao ni sentimita moja au mbili. Kwa kawaida wanaishi miaka 3 hadi 10, lakini wameonekana watu waliotoka nchi ya ugonjwa huu wakakaa nao zaidi ya miaka 30. Mnyoo hauombi kibali cha kutoka kambini. Ukivuka mpaka, unavuka nao.

Baba Mkubwa alianza kuumwa mwaka 2014, yaani miaka 18 baada ya kuliacha ziwa. Ilianza kwa pumzi. Kutoka bombani mpaka nyumbani kwake ni mteremko mdogo tu, watoto wanaupanda mbio na ndobo kichwani. Yeye akawa anasimama mara moja, halafu mara tatu, anajifanya anasalimia watu. Kituo kimoja kikamwambia ni pumu. Baadaye akapewa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu, akazimeza miezi yote bila kuruka hata siku moja, maana alikuwa mtu wa utaratibu. Pumzi haikurudi. Miguu ikaanza kuvimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Mishipa ya shingo ikasimama. Mwishowe tumbo likajaa maji, na siku moja akaanguka na kuzimia kwenye foleni ya mgao.

Tumbo lilipojaa, mtaa mzima ukawa na jibu: sumu. Mnajua mambo haya, hatuna haja ya kueleza sana. Mama mmoja jirani alikuwa akipika pombe ya kienyeji, na Baba Mkubwa alikuwa na kawaida ya kunywa kikombe kimoja kwake siku ya Jumamosi. Basi ikawa ni kikombe kile. Watu wakaacha kununua kwake, watoto wake wakaitwa majina bombani, na usiku mmoja mtu akatupa mawe juu ya paa lake. Yule mama akaomba ahamishiwe zoni nyingine. Hakuna aliyemshtaki kwa polisi wala kwa wazee, kwa sababu hakuna aliyekuwa na neno la kusema mbele ya wazee. Ilikuwa ni minong'ono tu, na minong'ono ndiyo iliyomfungisha virago.

Kilichobadili mambo ni swali moja. Daktari mgeni alipita kituoni, akamkagua Baba Mkubwa, akagonga gonga tumbo, akabonyeza upande wa kushoto chini ya mbavu na kukuta bandama kubwa. Hakumuuliza "unaumwa nini". Alimuuliza: "Mzee, umekulia wapi, na ukiwa mtoto ulikuwa unaoga wapi?" Baba Mkubwa akacheka, akasema kuoga gani, mimi nilikuwa ninaishi majini kama kiboko. Daktari akaandika rufaa siku ile ile.

Hospitalini walipima choo. Mayai hayakuonekana. Hapo ndugu yetu aliyemsindikiza alitaka kurudi nyumbani, akidhani habari ya kichocho imekwisha. Daktari akamwambia akae. Kwa mtu aliyeugua zamani, mayai huwa machache au minyoo imeshakufa, na choo kinaweza kuwa safi kabisa wakati makovu yako pale pale. Wakampiga eko ya ini, halafu eko ya moyo. Kwenye ini waliona makovu meupe yamezunguka mishipa. Kwenye moyo, upande wa kulia ulikuwa umetanuka kupita kiasi.

Mnyoo haukuwa umeingia kwenye moyo. Hata sisi ilituchukua muda kuelewa hapo, kwa hiyo tutaeleza taratibu, kwa lugha ya mifereji ambayo daktari mwenyewe aliitumia alipojua tumetoka kwenye mpunga.

Mnyoo jike anataga mayai mamia kila siku. Karibu nusu yanatoka na choo. Yanayobaki yanabebwa na damu, na damu yote ya matumbo lazima ipite kwenye ini kabla haijafika moyoni. Mishipa ndani ya ini ni myembamba, kwa hiyo mayai yanakwama humo. Mwili unaliona yai kama mwiba: unalizungushia askari wake, panatokea kijivimbe, kijivimbe kinakauka na kuwa kovu. Kovu la yai moja si kitu. Lakini mayai ya kila siku, kwa miaka na miaka, yanaifanya mishipa ya ini kuwa kama mfereji uliojaa tope. Unajua maji yakizuiwa mferejini yanafanya nini. Yanajaa nyuma, halafu yanatafuta njia ya pembeni. Bandama inavimba kwa damu iliyorudi nyuma. Mishipa ya koo la chakula inatanuka kwa sababu damu inapita pale ambapo haikupangiwa kupita, na ikipasuka mtu anatapika damu. Hiyo ya kutapika damu ndiyo inayoua wengi wa wagonjwa hawa, na ikitokea ni kukimbia kituoni saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Sasa, zile njia za pembeni zinalikwepa ini. Mayai yaliyokuwa yakikwama kwenye ini yanapata mlango wa nyuma, yanafika upande wa kulia wa moyo, na moyo, ukifanya kazi yake tu, unayasukuma mapafuni. Huko mishipa inakuwa myembamba tena, na mayai yanakwama tena. Vijivimbe vile vile, makovu yale yale, kuta za mishipa zinanenepa na njia inakuwa nyembamba.

Moyo una pande mbili. Wa kushoto una misuli minene kwa sababu unapeleka damu mwili mzima, kichwani mpaka vidole vya miguu. Wa kulia ni mwembamba, maana kazi yake ni kupeleka damu mapafuni tu, jirani hapo, na njia ya mapafu kwa mtu mzima wa afya ni laini. Mapafu yakijaa makovu, ule upande mwembamba unalazimishwa kazi usiyoumbiwa. Fikirieni pampu ya mkono. Siku zote msichana mmoja anapampu bila shida. Halafu bomba linaanza kuziba chini kidogo kidogo. Mwanzoni anatia nguvu zaidi na misuli inakua, maji yanatoka, hakuna anayegundua. Miaka inapita, bomba linazidi kuziba, mpaka anachoka. Upande wa kulia wa moyo unanenepa, halafu unatanuka, halafu unalegea. Damu inarudi nyuma: shingoni, kwenye ini, tumboni, miguuni. Damu inayofika mapafuni kuchukua hewa ni kidogo, ndiyo maana mtu anasimama mara tatu kwenye mteremko mdogo, na ndiyo maana anazimia kwenye foleni.

Si kila mwenye kichocho anafika huko. Wengi hawafiki hata kwenye makovu makubwa ya ini. Tafiti nyingi juu ya mambo haya ya moyo zimefanywa Brazili, ambako kichocho hiki cha matumbo kilifika kutoka Afrika pamoja na watu wetu waliopelekwa kwa meli za watumwa. Huko walikuta kwamba hata kati ya wale ambao ini na bandama vimeshaharibika, ni chini ya mmoja kati ya kumi wanaopata shida hii ya mapafu na moyo. Lakini Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 251.4 waliohitaji dawa ya kinga ya kichocho mwaka 2021, wengi mno wakiwa Afrika. Sehemu ndogo ya watu wengi namna hiyo bado ni watu wengi.

Mpwa wetu aliyepelekwa Marekani alitupigia simu akiwa na hofu. Huko Texas alisikia habari ya mdudu anayeuma watu usoni usiku na kuwaletea ugonjwa wa moyo, akauliza kama ndio uliommaliza babu. Hapana. Huo ni ugonjwa wa Chagas, jina la daktari Mbrazili Carlos Chagas aliyeueleza mwaka 1909. Kimelea chake ni ndugu wa kile cha malale, lakini kinaenezwa na kinyesi cha kunguni mkubwa wa huko Amerika, na chenyewe kinaingia hasa ndani ya nyama ya moyo na kuila polepole kwa miaka 20 au 30. Huku kwetu mdudu huyo hatuna. Ila magonjwa haya mawili yanafanana kwa jambo moja: yanaingia mwilini ukiwa kijana, yananyamaza, na moyo unalipa ukiwa mtu mzima.

Baba Mkubwa aliporudi na majibu hakutaka sisi tumsemee. Aliomba wazee wa mtaa wakae, akaomba na yule mama aitwe kutoka zoni alikohamia. Tulimbeba kwa kiti mpaka chini ya mwembe. Pumzi ilikuwa fupi, kwa hiyo alisema machache: ugonjwa huu niliuokota mferejini kabla huyu hajazaliwa. Akamwomba yule mama amsaidie kushika kikombe cha chai, akanywa mbele ya watu wote. Yule mama alilia. Hakurudi kwenye zoni yetu, alisema ameshazoea kule, na sisi tunamwelewa. Waliotupa mawe hawakujitokeza, ingawa watu wengine waliangalia sana chini siku ile.

Alipewa prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo, ili ikiwa imebaki ife. Alipewa dawa za kukojoa za kupunguza maji mwilini, na kweli miguu ilipungua akaweza kulala bila kuegemezwa mito. Lakini daktari alituambia wazi kwamba prazikwanteli haifuti makovu ya zamani kwenye mapafu. Ziko dawa za kulegeza mishipa ya mapafu, ni za bei kubwa, na hazikupatikana tulipokuwa. Aliishi karibu mwaka mmoja na nusu tangu eko ile.

Kwa hiyo shabaha ni watoto, na wale wote waliokulia majini. Wapwa zetu waliofika kutoka ziwani miaka ya baadaye tuliwapeleka wote kupimwa. Wawili walikuwa na mayai, na hawakuwa wakilalamika kitu zaidi ya tumbo. Mnyoo huu hauzaani ndani ya mtu: kila mmoja aliingia peke yake kutoka majini. Ukiwaua mapema na mtoto asirudi kwenye maji mabaya, makovu mapya hayajengeki, na kwa mtoto hata yale yaliyoanza yanaweza kupungua.

Dawa yenyewe inamezwa siku moja, idadi ya vidonge kwa uzito, au kwa urefu kwa kutumia ile fimbo yenye alama. Ni vikubwa na vichungu. Mtoto ale kwanza, ugali au uji mzito, maana kwenye tumbo tupu kizunguzungu na kutapika huwa vikali. Mwenye minyoo mingi huumwa tumbo zaidi siku hiyo, halafu inapita. Mwaka 2008 mkoani Morogoro watoto wa shule walipopata maumivu hayo baada ya kumeza dawa, uvumi ulienea kuwa wamepewa sumu, wazazi wakavamia shule kwa hasira na ugawaji wa dawa ukasimamishwa. Sumu tena, mnaona. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hii itolewe kuanzia umri wa miaka 2 katika maeneo yenye ugonjwa mwingi, na pia kwa wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza na kwa mama wanaonyonyesha.

Ukienda kituoni kwa pumzi fupi, miguu kuvimba au bandama, usiseme tu namba ya nyumba na zoni. Sema: nimekulia Uvira, nimekulia Fizi, nimekulia Gatumba, nililima mpunga miaka kadhaa, nilivua samaki. Mhudumu kijana aliyesomea mbali na ziwa hawezi kuyakisia hayo. Choo kikiwa safi, uliza juu ya kipimo cha mkojo cha kijiti, ambacho hukamata kichocho cha matumbo, na uliza juu ya eko.

Na kwa wanaoteremka mtoni kufua: maji yaliyochotwa na kukaa ndani ya ndobo iliyofunikwa siku mbili, bila konokono ndani, viluwiluwi vyake vimeshakufa na yanafaa kuogea. Ya kunywa yachemsheni. Kupima choo, mwulizeni mhudumu wa afya wa zoni yenu siku za maabara. Kikopo wanatoa wao, nanyi mkirudishe asubuhi hiyo hiyo kabla jua halijawa kali.